Gugu la vipepeo nimelinunua mara tatu, pakiti ya dola 3 ndo imeshinda

Mgeni yeyote akija kwangu mwezi wa saba swali ni lilelile, hayo maua ya chungwa pale mbele umenunua wapi na kwa bei gani, na mie nikianza kujibu chai inapoa manake jibu lake refu. Ua hilo nimelinunua mara tatu. Mara ya kwanza niliibiwa kistaarabu, ya pili nikaharibu mwenyewe, ya tatu ndo nikapata. Sasa naandika yote humu, bei, nyota, makosa ya wauzaji na makosa yangu, ili akiuliza mtu tena natuma linki naendelea na chai yangu. Maduka sitayataja, sitaki kesi.

Jina la kutafuta kwenye lebo ni Asclepias tuberosa, ukiyakosa hayo maneno mawili rudisha sufuria kwenye shelfu uondoke. Jina la Kiswahili halina manake si la kwetu, kwao ni huku Amerika ya Kaskazini, kuanzia Ontario kule Kanada mpaka Florida, na magharibi linafika Arizona, linajiotea lenyewe mbugani na kando ya barabara. Wenyeji wanaliita kwa lugha yao gugu la vipepeo, kwa hiyo na mie humu nitaliita gugu, japo ni gugu la kulipia. Urefu wake magotini, likishiba sana linakaribia kiunoni. Majani membamba yana vinywele, na juu maua madogomadogo yamejikusanya kama kofia bapa, rangi ya chungwa. Nikisema chungwa watu wa Muheza msinishangae, chungwa letu linaiva likiwa la kijani, nasema ile rangi ya chungwa la kwenye katuni. Ni mmea wa kudumu, baridi ikija juu panakauka kabisa mpaka unasema basi, ila mzizi chini umelala, mwakani unaamka. Baridi ya Minnesota, jimbo la Marekani ninakoishi, ile ya nyuzi 30 chini ya sifuri unaivumilia vizuri tu, kisichovumilika ni mizizi kulowa, na hilo lishikeni mapema manake ndo lililonitia hasara.

Mie niko mji mdogo kaskazini ya Minneapolis, nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, mchana nalala nikiweza. Nyumba tuliyonunua yadi yake nzima ilikuwa majani ya kukata na mashine, kijani tupu kama uwanja, na baba watoto anayapenda hayo majani kuliko ndugu zake wengine. Aliyeniingiza kwenye mambo ya maua ni mwanangu wa kiume, alirudi shule siku moja kichwa kimejaa habari za kipepeo monaki, yule mkubwa wa chungwa na mistari myeusi, kwamba ndo kipepeo rasmi wa jimbo letu tangu 2000, kwamba kiwavi wake hali kitu kingine duniani ila majani ya mimea ya ukoo huu wa Asclepias, na kwamba zamani hapa Minnesota kulikuwa na ekari milioni 18 za mbuga ya nyasi na maua na leo hazijabaki hata asilimia 2. Sasa mtoto wa miaka nane akikuambia hivo huku anakukazia macho utamjibu nini, nikasema haya baba, Jumamosi tunaenda dukani.

Mara ya kwanza, mwaka 2021, duka kubwa lenye kila kitu, dola 17 kwa mche mmoja. Nyota 1, na hiyo moja ni ya sufuria ya plastiki ambayo bado naitumia kwa mrehani.

Dola 17 mtu unaona unapata kitu. Mche ulikuwa mzuri hatari, umejaa maua, lebo ina picha ya kipepeo na maneno kwamba huu ndo chakula cha monaki. Nikaupanda, mtoto akaimba. Wiki ya pili akatua monaki kweli, akataga, tukaona viwavi wadogo wenye milia wawili, mwanangu akawapa majina. Kesho yake asubuhi narudi kazini nakuta mmoja yuko chini amejikunja, jioni na wa pili. Sina ushahidi wa kilichowaua kwa hiyo silaumu kwa mdomo mkubwa, ila nilirudi dukani nikauliza hii miche mmeipiga dawa gani, yule kijana akaniangalia kama nimemuuliza tarehe ya kiama. Ndo nikaanza kusoma, nikajua kuna dawa za kundi la neonikotinoidi ambazo hazikai juu ya jani ukaziosha na maji, zinaingia ndani ya mmea, zinapanda kwenye majani, chavua na utamu wa ua, mdudu akila ameshakula sumu. Tangu siku hiyo popote ninaponunua mche nauliza swali moja kwanza, mmetumia hizo au hamjatumia, akisita tu mie sipo.

Na hapo bado hamjasikia kituko chenyewe. Baridi ikaja, mche ukafa, nikajipa moyo si nimeambiwa wa kudumu, utaamka. Mwaka uliofuata mwezi wa sita nangoja, wa saba nangoja, kimya. Nikamwonyesha picha bibi jirani yangu, mzee wa Kizungu aliyenizidi miaka kama 40 na bustani yake utadhani zulia, akacheka akaniambia binti yangu hii siyo, hii ni Asclepias curassavica, ya nchi za joto, hapa Minnesota baridi ya kwanza tu inakwenda na maji. Yaani nimeuziwa ndugu yake. Sasa nawapa dawa ya kuzitofautisha msije mkapigwa kama mie: ile ya joto maua yake ni mekundu na manjano kwa pamoja, majani laini yamekaa mawili mawili yanatazamana, ukikata jani linatoa maziwa meupe. Tuberosa ua lake ni chungwa, mara chache manjano, majani yana vinywele na yamepishana kwenye shina, ukikata hamna maziwa, maji tu. Wale mnaoishi Texas na Florida hii ya joto iacheni zaidi yetu, kwenu haifi wakati wa baridi, vipepeo wanaweza kubaki badala ya kusafiri, na vimelea vyao vinajikusanya kwenye majani yaleyale mwaka mzima.

Mara ya pili, 2022, kitalu kinachouza mimea ya asili ya huku tu, niliagiza mtandaoni, trei ya miche sita dola 26 na usafiri juu. Hiki ndo hasa ninachokifanyia rivyu, kwa sababu mbegu za mara ya tatu nazo ni za hukohuko.

Ufungaji wao nyota 5 bila ubishi. Boksi limekuja mwezi wa tano katikati, siyo mwezi wa tatu theluji ingali mlangoni kama wengine wanavyofanya, kila mche kwenye kitundu chake, udongo una unyevu, karatasi zimekunjwa juu hata mmoja haujavunjika, na lebo ina jina la Kilatini. Nikawaandikia kuuliza la dawa wakanijibu kesho yake kwamba hizo za neonikotinoidi hawatumii. Miche yenyewe lakini ukiiona utalia, vidole viwili kwenda juu, majani nane tisa. Baba watoto akasema umetoa dola 26 kwa mchicha? Nikamwambia subiri.

Kusubiri kwenyewe ndo kulinishinda mie. Kwanza nilichagua sehemu kwa macho, nikaona pale chini ya bomba linaloteremsha maji ya paa pako wazi, nikapanda mitatu pale, na mitatu upande wa kusini karibu na njia ya gari ambapo udongo una kokoto na mchanga. Pale bombani ni mfinyanzi, ule ukikanyaga unaondoka na kiatu. Halafu ikaja baridi ya 2022 kwenda 2023, waliokuwepo Minneapolis wanaikumbuka, theluji mpaka tulichoka kuichota, na ilipoyeyuka pale bombani pakawa kidimbwi. Mitatu yote kwisha, nilipochimba mizizi imekuwa uji. Wale wa kwenye kokoto wazima wote.

Yaani wazima, mpaka nilipowafikia kwa mikono yangu. Huu mmea ni mvivu kuamka hakuna mfano. Mwezi wa tano katikati maua ya jirani yote yamechipua, dandelioni zimeshatoa mvi, pangu pale kokotoni hamna hata dalili. Nikasema nimeshapigwa tena, nikachukua sepetu nikachimba. Chini nikakutana na mzizi mnene mweupe umeshuka wima kama muhogo, mzima kabisa, na juu yake vichipukizi vya zambarau ndo vinaanza, na sepetu yangu imeupita katikati. Nilikaa chini. Nikaurudisha, nikafukia, nikaumwagilia, nikauombea na dua, haukurudi. Wiki moja baadaye wenzake wawili wakatoka wenyewe.

Hapo ndo nawakata kitalu nyota moja, manake ile karatasi ya maelekezo waliyoweka kwenye boksi ina sifa za kitalu chao ukurasa mzima na hamna sehemu wamesema ngoja mpaka mwezi wa tano mwishoni, tia kijiti hapo ulipopanda usije ukajichimbia. Nilipowalalamikia walijibu kwa adabu, wakasema ni kweli huwa linachelewa, lakini krediti hawakunipa, na sikuitegemea, sepetu nilishika mie. Kijiti kimoja tu jamani kingeniokoa. Sasa hivi kila mmea wangu una kijiti cha aiskrimu chenye jina.

Na huohuo mzizi wa muhogo ndo sababu nawaambia msihangaike na mimea mikubwa. Mwaka uleule baba watoto alitaka kuongeza nafasi ya gari, tukahamisha mmoja wa wale wawili, tulichimba kwa heshima zote, duara kubwa, udongo wake, kila kitu, lakini ncha ya mzizi ilikatikia chini kabisa tukasikia. Ukaishi wiki tatu. Kwa hiyo hesabu ya trei ya dola 26: miche sita, mzima mmoja. Huyo mmoja yupo mpaka leo na ndo mama yao wote pale mbele, mashina zaidi ya 15 kutoka shimo moja, hajahamishwa, hajatiwa mbolea, mwaka wa kwanza tu ndo nilimwagilia, sasa hata kiangazi kikikaza simgusi. Trei nyota 4 kwa hiyo, wangekuwa na kijiti ningewapa 5.

Sasa mbegu. Pakiti dola 3, niliiongezea kwenye oda ya trei ili nifikishe kiwango cha ofa ya usafiri, sikuwa na nia nayo. Ikalala kwenye droo na chaja za simu mpaka mwezi wa kwanza 2023.

Mbegu zenyewe ni bapa, za kahawia, duara kama magamba ya samaki mdogo, mlemle ndani zaidi ya mia. Kwenye pakiti wameandika vizuri hawa safari hii, kwamba mbegu hii ukiipanda hivihivi nyingi zitakugomea, lazima ionje baridi yenye unyevu siku 30 kwanza, manake kwao mbegu inaanguka vuli, inalala chini ya theluji, inaota joto likirudi. Ukiiruka hiyo baridi unaidanganya nani. Njia ziko mbili nikazijaribu zote, mbegu 40 kwa 40, tuone.

Ya kwanza friji. Mchanga kidogo unaulowesha, unaukamua mpaka usidondoshe maji, unachanganya na mbegu, kifuko cha zipu, unaandika tarehe, unakiweka chini kwenye mboga, siyo kwenye friza. Kipindi hicho mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kunisaidia na mtoto mchanga, asubuhi namsikia jikoni anaguna, nikaenda, shikamoo mama, marahaba mwanangu, hebu niambie, huku kwenu mchanga nao unaoza? Kifuko kile mkononi. Nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, akakirudisha taratibu pale kwenye mchicha, akasema sawa. Usiku nikamsikia anamsimulia mtu Tanga kwenye simu.

Baada ya mwezi nikaziatika kwenye vikombe virefu, virefu kwa sababu ya ule mzizi, ukiziweka kwenye trei fupi mzizi unagonga chini unajikunja, na aliyejikunja utotoni hanyooki. Kina nusu sentimita tu, sehemu ya joto dirishani. Kati ya 40 zikatoka 23.

Ya pili ndo naipenda, galoni za maziwa. Galoni ya plastiki unaikata katikati unaacha kipande upande mmoja iwe kama bawaba, unatoboa matundu chini, udongo kama kiganja kwenda juu, unamwaga mbegu, unafunikia kidogo, unafunga na gundi ya utepe, kizibo unatupa, halafu unaiweka nje kwenye theluji unaisahau. Hiyo tu. Theluji inaingia kwa juu, inayeyuka, inaganda tena, mbegu inapata baridi yake ya kweli bila kugombana na mchicha wa mama mkwe. Mwezi wa tano zikatoka 31 kati ya 40, tena zimenenepa kuliko za dirishani zilizokuwa zinarefuka refuka kutafuta jua. Nikazihamishia ardhini zikiwa na majani manne sita, mapema kabla muhogo haujashuka, futi moja na nusu kati ya mmoja na mwingine, upande unaopigwa na jua kwa muda wa masaa sita na zaidi kwa siku. Kokotoni kote huko, bombani sikugusa.

Sungura wakala nyingi. Sungura wa Minnesota hawana dini. Nilipoweka wavu wa kuku vimebaki tisa kumi hivi, na hao ndo ninao.

Mwaka wa kwanza hawafanyi kitu, urefu wa kalamu, unaona aibu kuwaonyesha watu. Wa pili, 2024, wanne wakatoa ua moja moja. Mwaka huu wa tatu ndo mnaoona kwenye picha. Mkiona mtu anasema mbegu hizi zinatoa maua mwaka huohuo mwambieni alete risiti. Ila angalieni hesabu: dola 17 sina kitu, dola 26 nina mmoja, dola 3 nina tisa, na mbegu zaidi ya 20 zilibaki nikampa bibi jirani. Pakiti nyota 5.

Sasa niseme na ubaya wa mmea wenyewe, manake wauzaji hawasemi. Jina linasema vipepeo na vipepeo kweli wanakuja, wa kila rangi, na nyuki na wale nyuki wakubwa wa manyoya, utamu wake wanaupenda sana. Lakini monaki kutaga hapa ni kwa nadra, akipewa nafasi anachagua ndugu zake wengine wenye maziwa na majani mapana. Mwaka huu kwenye mimea kumi nimehesabu viwavi wanne tu. Kwa hiyo kama shida yako ni viwavi usinunue hii peke yake, pale bombani kwenye mfinyanzi nimepanda Asclepias incarnata, ya maua ya waridi, yenyewe inapenda matope kama kambale, na huko ndo mayai yapo. Mwanangu sasa ana miaka 12 na anajifanya hana habari na vipepeo mbele ya rafiki zake, lakini asubuhi namkuta anageuza majani. Yai siku nne hivi, kiwavi wiki mbili, pupa wiki mbili, halafu wale wa mwisho wa kiangazi hawazai, wanaondoka wanaenda mpaka milima ya Michoacán kule Mexico, karibu kilomita 3,000 kutoka hapa kwangu, mdudu uzito wake chini ya gramu. Desemba 2024 serikali ya shirikisho ilipendekeza awekwe kwenye orodha ya walio hatarini.

Wadudu wengine watakaokutisha: vidukari vya manjano vinajaa kwenye mashina mwezi wa nane mpaka shina linanata. Usipige dawa, ukipiga unaua na mayai, piga maji ya mpira kwa nguvu asubuhi, baada ya siku tatu rudia, basi. Halafu wako wa chungwa na weusi wanaokaa kwenye maganda ya mbegu kwa makundi, mie nilivyowaona nikasema kangambili mmefikaje huku, manake ni kama wale wa kwenye pamba kabisa, wanafyonza mbegu lakini mmea hawauui, ukitaka mbegu watie kwenye ndoo ya sabuni. Mbolea usitie, ukitia unapata majani marefu yanayolala chini. Mashina makavu yaache mpaka masika ndo ukate. Na kama mna watoto wadogo, ni sumu ukila, ukoo mzima. Mizizi yake watu wa zamani huku waliitumia kwa dawa ya kifua, najua kuna atakayeuliza, asijaribu.

Nusura nisahau bahasha. Mwaka jana nilipata barua kutoka ofisi moja kwamba nimeacha majani marefu mbele ya nyumba, nikate ndani ya siku kadhaa. Nilitetemeka, mhamiaji ukiona bahasha yenye nembo moyo unakwenda mbio. Bibi jirani akaja na miwani yake akasema kaa hapa, akaniandikia jibu, kwamba tangu 2023 jimbo lina sheria inayoruhusu bustani ya asili iliyopangwa na kutunzwa hata ikizidi urefu wa majani ya kukata. Neno ni hilo, kutunzwa. Nikapanga mawe pembeni, nikakata ukanda wa majani futi mbili kuzunguka, nikaweka kibao. Hawajarudi. Baba watoto sasa ndo anayekata huo ukanda, kwa mkasi.

Wanaoniomba niwatumie mbegu nyumbani, hapana, mbegu kuvuka mipaka kienyeji ni kosa, na gugu la watu ukilipeleka mahali lisipotoka hujui litakugeukia vipi. Tena kwetu yupo ndugu yake monaki, yule wa chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, viwavi wake nao wanakula mimea ya porini inayotoa maziwa, mtafuteni huyo. Mlioko Ontario ya kusini ndo mna bahati, kwenu ni mmea wa asili, tafuteni vitalu vya hukohuko.

Vuli hii maganda yamepasuka. Ni marefu membamba yamesimama kama mishumaa, yakifunguka ndani mbegu zimepangwa kama magamba na kila moja ina mkia wa nyuzi nyeupe laini zinazong'aa. Kabla hayajapasuka yafungeni na mpira wa nywele, la sivyo upepo mmoja tu mbegu zote kwa jirani. Nilimtumia mama mkwe picha WhatsApp, hakusema maua mazuri wala nini, akatuma sauti: hiyo si sufi hiyo? Na ni kama sufi kweli. Nikamsimulia kitu alichonisimulia bibi jirani, kwamba wakati wa vita ya pili ya dunia jaketi okozi za wanamaji wa Marekani zilikuwa zinajazwa sufi, sufi yenyewe ya misufi ya Java, Wajapani walipoiteka Java 1942 sufi ikakatika, basi wakawatuma watoto wa shule huku wakaokote maganda ya ukoo huu, hasa yule ndugu yake wa majani mapana, wakawa wanahesabu mifuko miwili ya maganda inatosha jaketi la mtu mmoja.

Mama mkwe kasikiliza, kanyamaza, halafu akauliza yangu yamefika mifuko mingapi, manake mto wake wa sufi wa Tanga umeshakufa na godoro la sponji linamuumiza shingo. Nimeyapima jana. Maganda yote ya mimea kumi yameingia kwenye kimfuko kimoja cha mkate, na hakijajaa.